Barua kwa Mwanangu Kabla Hajakwenda Nungwi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Muswada wa riwaya yako ulinifikia Wete Jumatano jioni, na nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa baba yako na mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwani miaka yangu ya skuli haijanitoka. Makosa ya tahajia ni machache, na sura ya tano nimeisoma kwa sauti mbele ya mama yako, ambaye aliniomba nisiendelee. Lakini kilichoninyima usingizi ni kile kijibarua ulichokiambatanisha, unaposema kwamba kabla ya kuiandika sura ya mwisho unataka kwenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, uwaombe wavuvi wakuchukue usiku mpaka mkondoni, na uingie majini walau kidogo ili ujue mwili unavyohisi. Mwanangu, usiende usiku. Nimelitanguliza neno hili ili usije ukasema kwamba hukuliona.

Habari za usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 sitakusimulia, kwa sababu ulikuwepo nyumbani na uliniona nilivyokuwa. Ninachotaka ukizingatie ni hesabu, ambayo katika riwaya umeipita haraka. Meli ya MV Spice Islander, iliyozama usiku ule karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ilijengwa ichukue abiria wasiozidi 650, lakini tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake mwanzoni mwa mwaka uliofuata, waliokufa pamoja na wasioonekana walitajwa kuwa 1,573. Maiti zilizopatikana siku zile zilikuwa mia mbili na kitu tu. Waliobaki wote waliondoka na mkondo huo huo ambao wewe unataka kuuingia ukiwa na daftari. Mkondo ule huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza kasi, na wewe umeichagua Septemba kwa sababu ya ile tarehe, jambo ambalo nalielewa, ila bahari haikumbuki tarehe.

Nikisema uende mchana, usidhani kwamba nauamini mchana. Meli ya MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 jua likiwa bado linawaka, ikitoka Dar es Salaam katika upepo wa kusi, na mwaka wa ile ya Nungwi ulikuwa bado haujatimia. Nasema mchana kwa sababu mchana mtu aliyeanguka huonekana.

Sasa niseme juu ya riwaya yenyewe, kwa kuwa uliniomba nisikufiche kitu. Umewafanya abiria wako wasijuane kabisa, kila mmoja na siri yake, mpaka maji yanapowakutanisha juu ya kipande cha mbao. Hilo huenda likawa kweli katika meli za nchi nyingine, ambako mtu hulala katika chumba chake na kumwona jirani yake wakati wa chakula. Katika chombo kinachokwenda Pemba haipiti robo saa bila mtu kuulizwa ni mtoto wa nani na wa wapi, Konde au Micheweni, na akijibu hupatikana mtu aliyesoma na ami yake au aliyekata karafuu kwa babu yake. Walioanguka majini usiku ule hawakuwa wageni watupu. Walikuwa watu waliogawana maandazi saa mbili kabla, na hiyo ndiyo sababu waliookoka wanaona vigumu kusimulia, kwa kuwa mkono waliouachia walikuwa wanaujua ni wa nani. Ukilisahihisha hilo, kitabu chako kitakuwa kizito zaidi, na nadhani unao uwezo wa kukibeba.

Umeandika pia kwamba usiku ulikuwa kiza kitupu, hata mtu hakuuona mkono wake. Idi ilikuwa imepita siku kumi hivi, na mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kutimia, kwa hiyo kama chombo chako ni kile tunachokijua sote, hesabu ya mwezi inakukataa. Abiria wako wote umewapa majaketi okozi. Waliookoka wenyewe walieleza kwamba walishikilia magodoro na majokofu, na godoro la sponji halikai juu siku zote, hunywa maji kidogo kidogo mpaka likawa mzigo. Watu wako wanaogelea kuukabili mkondo mpaka wanaona taa za pwani. Anayejua bahari hafanyi hivyo, huuacha mkondo umchukue, hutunza nguvu zake, hukunja miguu kifuani, kama ana kitu cha kumwelesha, ili asipoteze joto, na kama wako wengi hushikana wakawa kundi moja, kwa sababu kundi huonekana kwa mbali na kichwa kimoja hakionekani. Maji yetu ukiyagusa kwa mkono ni vuguvugu, lakini yana baridi kuliko mwili, na mwenye kukaa ndani yake saa nyingi joto humtoka bila ya yeye kutambua. Yule mzee unayemnywesha maji ya bahari siku ya pili, kisha akapata nafuu, muondoe. Lita moja ya maji yale ina chumvi gramu 35 hivi, nyingi kuliko figo zinavyoweza kuitoa, na mwili hulazimika kutumia maji yake wenyewe ili kuisukuma nje. Mzee yule angekufa kwa kiu mapema kuliko wenziwe.

Ninayaandika haya kwa ajili ya riwaya, na ninayaandika pia kwa ajili yako, ikiwa hutanisikia na ukaenda usiku.

Sura ya tatu nimeiacha mpaka sasa. Kijana amesimama gatini Malindi, anaona chombo kimezama kupita desturi, wapo watu wanaoshuka na tiketi zao mkononi wakisema hawasafiri, naye anapiga simu nyumbani kuuliza afanye nini. Upande wa pili wanamwambia apande, kwa kuwa wenziwe wote wanapanda na vitu vya arusi vinasubiriwa. Hukuandika ni nani aliyepokea simu, na sijui kama hukuandika kwa kutojua au kwa huruma. Umeandika kwamba kijana alijibu "haya" kwa unyonge. Hakujibu kwa unyonge. Alijibu kama anavyojibu mtu anayemheshimu kaka yake, akacheka kidogo, kisha akauliza kama kuna kitu kingine cha kununua kabla duka halijafungwa. Aliambiwa aongeze betri za tochi. Ukipenda, sahihisha mahali hapo.

Jambo la kuogelea nalo lina mimi ndani yake. Msichana wako katika riwaya anaogelea saa tisa, na wewe hujui kuogelea hata urefu wa uwanja wetu. Kaka zako walikuwa wakirudi pwani na nywele mbichi, nami nilikuwa nikiwauliza samaki wako wapi. Siku uliyorudi wewe na nywele mbichi unaikumbuka, na sina haja ya kuisema. Nilidhani nakulinda na maneno ya watu. Nasikia kwamba huko huko Nungwi wapo watoto wa kike waliofundishwa kuogelea wakiwa wamejistiri, wakianza kwa kuelea tu huku wamekumbatia dumu tupu, na hakuna lililoharibika katika dini yao wala katika heshima ya wazazi wao. Ikiwa lazima uende, basi waendee hao kwanza. Kaa wiki moja, ujifunze kulala chali juu ya maji machache na kupumua bila ya kuhangaika, kabla hujatia mguu katika ngalawa ya mtu. Wiki moja haitaichelewesha riwaya iliyokwisha kuchukua miaka minne.

Mama yako anakusalimu. Goti lake la kulia bado linavimba, na tangu karafuu zilipoanza hataki kukaa kitako. Tumeanika pishi chache juu ya majamvi, na kila wingu linapopita tunakimbia wote wawili kukunja, yeye akinitangulia na goti lake hilo. Bati la jikoni linavuja upande wa mlango. Mdogo wako alisema angelipanda kulitazama, naye ameanza kutaja habari ya kutafuta kazi ya ubaharia, nami sijamjibu. Nilimwona juzi akiusoma muswada wako sebuleni. Hakusema kitu, lakini jioni aliniuliza kama ami yake alikuwa anajua kuogelea. Nilimjibu kwamba alikuwa anajua sana, na kwamba mkondo ule hauulizi. Tafadhali zungumza naye wewe, kwani wewe anakusikiliza.

Siandiki haya kukukataza kuandika. Tangu mwaka ule watu hapa wanazitaja maiti kwa idadi na wasioonekana hawatajwi kabisa, na wewe umewapa sauti, njaa, ubishi na hamu ya kufika. Nilipomaliza kusoma mara ya pili nilitoka nje nikakaa barazani mpaka alfajiri, na nilifurahi kwamba aliyeyaandika ni mwanangu. Ila sikukuzaa ili uende kuhakikisha kwa mwili wako kile ambacho wengine wamekwisha kukihakikisha.

Nimekununulia jaketi okozi la rangi ya chungwa, na limekuja kwa boti ya Jumamosi. Liko kwa shangazi yako Malindi, pamoja na mkebe wa karafuu na samli ya mama yako. Livae ukiwa bado uko nchi kavu na ulifunge mikanda yote mitatu, usilikalie kama mto wala usiliweke chini ya benchi mpaka hali iharibike. Mkanda wa kushoto ulikuwa umeachia, nikaushona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, kisha nikauvuta mbele ya mdogo wako kwa nguvu zangu zote na haukukatika. Nawe uuvute kabla ya kuondoka.

Baba yako