Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024, Pamoja na Maelezo Kuhusu Ununuzi wa Redio za Utabiri wa Bahari

Ndugu wanachama, manahodha wetu wazee, wenye vyombo, mabaharia, na akina mama wa samaki mnaoshirikiana nasi tangu soko la Feri hadi Kunduchi: Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha taarifa ya mwaka. Usafi wa pwani ulifanyika kama kawaida. Leseni zilifuatiliwa kwa pamoja kwa wale walioleta nyaraka zao mapema. Tulizika, tuliuguza, tulichangia harusi. Mambo hayo mnayafahamu na sitayarudia. Lililozua maneno mwaka huu ni uamuzi wa Kamati ya Utendaji wa kununua redio na kipaza sauti kwa ajili ya utabiri wa hali ya hewa baharini, na kwa kuwa maneno hayo yamesemwa zaidi vijiweni kuliko mkutanini, nimeona ni haki yenu kuelezwa kwa kirefu.

Kwanza, imedaiwa kwamba wanachama hawakushirikishwa. Mkutano wa Januari uliitishwa kwa tangazo la maandishi na la mdomo, wakaja watu 29 kati ya wanachama 132, wakati akidi ni 44. Mkutano wa Februari ukaitishwa kwa ajenda ileile, wakaja 31. Katiba inaipa Kamati mamlaka ya kuamua pale akidi inapokosekana mara mbili mfululizo, na ndivyo tulivyofanya mwezi Machi, huku kumbukumbu zikiandikwa na kutiwa saini. Baadhi ya waliolalamika kwa sauti kubwa hawakuhudhuria mkutano hata mmoja kati ya hiyo miwili, na orodha ya mahudhurio iko kwa Katibu kwa yeyote anayetaka kuiona.

Pili, imedaiwa kwamba redio ni kitu cha zamani, kwamba kila kijana ana simu, na kwamba fedha zile zingenunua vifurushi vya intaneti. Hoja hii ninaiheshimu, ila aliyezoea kulala baharini hawezi kuitoa. Chombo kikishakipita kisiwa cha Sinda na kuelekea kisiwa cha Fungu Mbaraka, mtandao wa simu unakatika, chaji inakwisha, na simu iliyolowa maji ya chumvi haina kazi tena. Redio ya betri hufungwa kwenye ndoo yenye mfuniko, ikaning'inizwa karibu na mlingoti, na waya wa shaba ukaunganishwa kwenye antena yake na kupandishwa juu pamoja na foromali, yaani boriti ya tanga. Nilisisitiza mwenyewe kwamba zinunuliwe redio zenye mawimbi ya kati na masafa mafupi, pamoja na FM, kwa sababu mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na hupotea kadiri unavyoiacha pwani, ilhali mawimbi ya kati hutambaa juu ya maji ya bahari na kufika mbali zaidi kuliko yanavyofika nchi kavu. Tena, katika mawimbi ya kati radi ya mbali husikika ikikwaruza kabla wingu halijaonekana, na manahodha wetu wa zamani walijua kuipima mvua kwa mikwaruzo hiyo.

Lakini sababu kubwa haiko kwenye mitambo. Utabiri unaosomwa redioni huwafikia watu wote kwa sauti moja na kwa wakati mmoja. Ninawaomba mkumbuke jinsi mambo yalivyo jioni pale pwani, baada ya taarifa ya habari, mtangazaji anapoanza kutaja mikoa kutoka kaskazini kushuka kusini: Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na visiwa vya Mafia, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Anayeshona nyavu husimamisha sindano, anayepiga kalafati hushusha nyundo, na nahodha huinua mkono ili watu wanyamaze, kila mmoja akingojea litajwe eneo lake. Likishatajwa, pamoja na kasi ya upepo na kimo cha mawimbi, hakuna baharia atakayesema hakuambiwa, na hakuna mwenye chombo atakayemlazimisha nahodha kutoka kwa kudai kwamba yeye amesikia vingine. Akina mama wa kukaanga nao husikiliza, kwa kuwa wakijua upepo wa kusi unakaza wanajua pia kwamba keshokutwa samaki watakuwa wachache na bei Feri itapanda.

Ushahidi ulikuja mapema kuliko tulivyotarajia. Redio zilikuwa zimegawiwa mwezi Aprili, na mwanzoni mwa Mei likaja suala la Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, na kila ilipotoa, ilisomwa redioni siku hiyohiyo. Kwenye simu zetu, wakati huohuo, zilizunguka picha zisizo na tarehe, nyingine zikiwa ni za Kimbunga Jobo cha Aprili 2021, na mtu mmoja alisambaza ujumbe kwamba hatari imekwisha wakati haijaisha. Kufikia tarehe 4 Mei safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, na vyombo vyetu vyote vilikuwa vimevutwa juu ya mchanga. Kimbunga kilipoteza nguvu baada ya kufika Mafia. Sisi hatukupoteza mtu wala chombo, na ninaamini kwa dhati kwamba uamuzi wa mwezi Machi ulichangia.

Malalamiko makali zaidi yalikuja wakati wa kusi, mwezi Julai, lilipotangazwa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Vyombo vilikaa siku tatu. Siku ya kwanza bahari ilionekana shwari, wenye vyombo wakahesabu hasara, na mimi nikaambiwa kwamba redio yangu inawanyima watu riziki. Ninaomba tuelewane hapa. Angalizo ni ngazi ya chini kuliko tahadhari, na tahadhari ni ya chini kuliko tahadhari kubwa. Mtangazaji anapomaliza kwa kusema uwezekano wa kutokea ni wastani, maana yake ni kwamba huenda isitokee. Kwa kipimo cha upepo cha Beaufort kinachotumiwa na mabaharia duniani, kilomita 40 kwa saa ni daraja la 6. Meli kubwa haishtuki, na nchi nyingine huanza kutaja tufani kwenye daraja la 8. Sisi tuna ngalawa na mashua, na kwetu daraja la 6 linatosha kuvunja foromali. Ajali ya meli ya abiria MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, ilitokea katika msimu huohuo wa kusi, tena kwa chombo kikubwa kuliko chochote tulichonacho. Familia za pwani hii bado zina majonzi ya siku ile.

Wala ugomvi huu haukuanza na sisi. Huko Uingereza, mwezi Oktoba 1859, meli iitwayo Royal Charter ilizama kwa dhoruba karibu na kisiwa cha Anglesey na watu zaidi ya 400 wakafa. Aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa, nahodha Robert FitzRoy, akaanzisha mwaka 1861 maonyo ya dhoruba yaliyopelekwa bandarini kwa simu ya waya, kisha alama zikapandishwa mlingotini ili kila baharia azione. Wenye vyombo vya uvuvi walimlalamikia kwa maneno yaleyale niliyoyasikia mimi mwezi Julai, kwamba anawafungia watu bandarini. FitzRoy akafariki mwaka 1865, mwaka uliofuata maonyo yakasitishwa, na mwaka 1867 yakarudishwa kwa sababu watu wa bahari waliona pengo lake. Utabiri huo ukaingia redioni katika miaka ya 1920, na mpaka leo BBC huusoma, eneo baada ya eneo, maeneo 31, ukisikilizwa hata na watu wasiowahi kupanda chombo. Mwaka 2002 eneo moja lilipewa jina la FitzRoy. Mwanachama mmoja amesema kwamba hata Waingereza mwaka huu wamepunguza matangazo hayo. Ni kweli wameyapunguza, lakini hawakuyafuta, ingawa wao wana satelaiti na simu kuliko sisi.

Sasa fedha. Redio 45 kwa Sh. 42,000 kila moja ni Sh. 1,890,000, betri Sh. 405,000, kipaza sauti na nyaya zake Sh. 645,000, jumla Sh. 2,940,000. Bei ya redio ilianzia Sh. 50,000, nilikwenda Kariakoo mwenyewe, kwa nauli yangu, mpaka ikashuka. Misiba na wagonjwa ilitumia Sh. 600,000 na ofisi Sh. 312,000. Mapato yalikuwa salio la mwaka jana Sh. 1,386,000, ada Sh. 2,702,000 na viingilio Sh. 240,000. Tumebakiwa na Sh. 476,000. Mhazini anazo risiti zote.

Kuhusu ada sina budi kusema wazi. Ada ni Sh. 3,000 kwa mwezi, na kama wote 132 wangelipa tungepata Sh. 4,752,000. Waliolipa mwaka mzima ni 47 tu. Wapo waliopokea redio, wanaisikiliza kila jioni, na hawajalipa hata mwezi mmoja. Majina yao sitayasoma leo kwa kuwaheshimu wazee wao. Wapo pia waliosema chama kimefilisiwa na redio, ilhali deni la ada walilonalo wanachama linatosha kulipia redio hizo zote. Nyaya za kipaza sauti zimeanza kuliwa na chumvi, na betri za mwaka ujao hazijulikani zitatoka wapi.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuomba vituo vya redio vyenye studio hapa jijini virudie utabiri wa bahari alfajiri, kabla umande haujakata, kwa maana ndio wakati vyombo vinapotoka. Tunatarajia pia kupata mlingoti wa kupandishia bendera pale pwani siku za angalizo, kwa faida ya wenzetu wasiosikia vizuri, na kuongeza redio kwa wanachama 87 waliobaki kadiri hali itakavyoruhusu. Mkutano wa kujadili hayo utaitishwa baada ya maleleji, yaani kipindi cha kubadilika kwa pepo, na nitawaomba Mabalozi wa kila ufukwe wapite chombo kwa chombo kuwakumbusha watu, kwa sababu uamuzi wa safari ijayo nao utafanywa na watakaokuwepo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dar es Salaam