Barua ya wazi kwa Rais wa FUFA: mtoto aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo

Mheshimiwa Rais wa Shirikisho la Vyama vya Soka Uganda,

Salamu kutoka Busia. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi isiyo mbali na mpaka, na jioni nafundisha timu ya vijana wa mtaani. Zamani nilicheza beki. Nimewahi pia kuchezesha mechi kwa filimbi ya kuazima, na sasa huu ni mwaka wangu wa kumi na saba wa ukocha. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachopigiana kelele uwanjani. Kikosi changu kina Wasamia, Wateso, Wajopadhola na watoto wa Kenya wanaovuka kuja kusoma huku. Kona ikipigwa, wote wanaelewa neno moja: "Panda!" Yaani ruka, piga kichwa, hata kama kuna mtu mbele yako.

Na mtoto akianguka, lipo neno la pili ambalo nalo wote wanalielewa: "Jikaze."

Mwaka 2018, katika fainali ya zoni yetu, beki wangu wa kati alipanda kuokoa kona. Alikuwa na miaka 13, yuko darasa la sita. Nitamwita Namba Nne, kwa jezi aliyovaa. Mshambuliaji wa upande wa pili naye alipanda, vichwa vikagongana. Nilikuwa mita 30 hivi kutoka pale na mlio ule niliusikia. Haukuwa mlio wa mpira, ulikuwa mkavu, kama jiwe limegonga jiwe. Mshambuliaji alishika paji la uso akaanza kulia. Namba Nne hakulia. Alilala kifudifudi, mkono mmoja umenyooka mbele, vidole vimekakamaa, kwa muda wa kuhesabu mpaka tano au sita.

Tulifanya tulivyofanyiwa sisi tulipokuwa wachezaji. Tukammwagia maji ya jerikeni kichwani na kumpepea kwa jezi. Nikainama nikamwuliza, "Unaweza?" Akasema, "Naweza, mwalimu." Nikampiga kofi la mgongoni, nikamwambia ajikaze. Zilibaki dakika 22 na tulikuwa tunaongoza bao moja kwa bila.

Tulishinda. Kwenye teksi ya kurudi alikaa karibu nami, kikombe kiko mapajani mwake. Akaniuliza, "Mwalimu, tumeshinda?" Nikacheka, nikidhani ni furaha. Tulipovuka daraja akauliza tena. Kabla hatujafika sokoni akauliza mara ya tatu, kwa sauti ileile na maneno yaleyale, na kikombe amekishika kwa mikono yote miwili. Kisha akaomba gari lisimame, akashuka, akatapika kando ya barabara.

Kituo cha afya tulichompeleka usiku ule kilimpa panadoli na kutuambia akalale. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini kwa wiki saba hakuweza kukaa darasani mpaka mchana. Mwanga wa dirishani ulimuumiza, na maandishi ya ubaoni alisema yanatembea. Mama yake alikuja shuleni siku moja, akasimama mlangoni kwangu bila hasira yoyote, akasema, "Mwalimu, siku hizi nikimtuma chumvi ananiletea sabuni." Alirudia darasa la sita. Aliyemrudisha uwanjani ni mimi, si refa wala mtu mwingine, na ndiyo sababu naandika barua hii.

Baadaye nilikuja kujua kwamba swali la Namba Nne lilikuwa limeshaulizwa, tena mahali pakubwa kuliko zoni yetu. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, pale Maracanã, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani na bega la Ezequiel Garay wa Argentina. Akatibiwa, akarudi, akacheza karibu robo saa nyingine. Katika muda huo alimfuata refa Nicola Rizzoli na kumwuliza kama mechi ile ndiyo fainali. Refa ndiye aliyewaambia Wajerumani, na Kramer akatolewa. Timu iliyokuwa na madaktari benchini, mbele ya macho ya dunia nzima, ilimrudisha mchezaji asiyejua yuko kwenye mechi gani. Sasa fikiria uwanja wetu wenye jerikeni moja na mti wa mwembe.

Daktari mmoja alinieleza jambo hili kwa mfano ambao sijausahau. Ubongo ni laini na unaelea ndani ya maji, fuvu limeuzunguka. Kichwa kikisimamishwa ghafla, ubongo unaendelea kwenda, kama abiria wa teksi iliyokanyagiwa breki. Unagonga ukuta wa ndani, unajipinda, na kazi zake zinavurugika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Wengi wanaoupata hawazimii kabisa, na picha ya CT mara nyingi hutoka safi, kwa sababu kipimo kile kinatafuta damu na mifupa iliyovunjika. Jambo hilo la mwisho lilinipa moyo. Maana yake ni kwamba hatuhitaji mashine ili kumlinda mtoto hapa Busia. Tunahitaji mtu anayejua cha kutazama: mtoto anayeyumba, anayeshika kichwa, anayeona vitu viwiliviwili, anayejibu polepole, anayekasirika au kulia bila sababu, asiyekumbuka bao lililofungwa dakika tano zilizopita. Akitapika, au maumivu ya kichwa yakizidi, au akawa mgumu kuamka, au akapata degedege, hapo ni hospitali moja kwa moja.

Hatari kubwa zaidi ni kugongwa mara ya pili kabla jeraha la kwanza halijapona. Hutokea mara chache, lakini ubongo unaweza kuvimba ghafla na kuua, na wanaokumbwa zaidi ni watoto na vijana. Dakika zile 22 nilizomwacha Namba Nne acheze, kulikuwa na kona nyingine tatu. Alipanda zote.

Yapo pia madhara yanayokuja taratibu, na hayo hayana mgongano wa kuonekana. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa vichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, akili imeshamwisha. Uchunguzi wa kisheria Uingereza ulisema kifo chake kilitokana na kazi yake. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walichapisha matokeo ya kufuatilia wachezaji wa zamani wa kulipwa 7,676 wa Uskoti, na kuona kwamba uwezekano wao wa kufa kwa maradhi yanayoula ubongo polepole ulikuwa kama mara 3.5 ya watu wa kawaida wa rika lao. Baadaye, walipowatenganisha kwa nafasi walizocheza, mabeki walikuwa na hatari karibu mara 5 ya watu wengine, na makipa hawakutofautiana sana na watu wa kawaida. Mimi nilikuwa beki. Nilisoma takwimu zile usiku na nikakaa kimya muda mrefu. Lazima niseme pia kwamba waliokufa kwa maradhi ya moyo miongoni mwa wachezaji haohao walikuwa wachache kuliko watu wa kawaida. Mpira ni mzuri kwa mwili, na sitaki mzazi yeyote asome barua hii na kumfungia mtoto ndani.

Wenzetu hawakungoja kila swali lijibiwe. Marekani mwaka 2015 ilizuia watoto wa chini ya miaka 11 kupiga vichwa. Mwaka 2020 Uingereza, Uskoti na Ireland ya Kaskazini waliondoa vichwa katika mazoezi ya watoto wa umri wa shule za msingi. Hapa kwetu makocha wengi, nami nikiwemo hadi mwaka ule wa Namba Nne, tunawapanga watoto wa miaka tisa mstari na kuwarushia mpira mmoja mmoja, vichwa thelathini kwa jioni. Mpira wenyewe ni wa saizi 5, wa watu wazima, gramu 410 hadi 450 ukiwa mpya. Wa kwetu umefumuka nyuzi na kunywa maji ya mvua, au umejazwa kwa pampu ya baiskeli mpaka unalia kama ngoma. Mpira wa nyuzi za migomba walioufunga wenyewe huenda ni salama zaidi kwa vichwa vyao kuliko ule wa shule. Mazoezi hayo yaondoke kwa walio chini ya miaka 12, na jambo hilo liingie katika kozi za leseni za makocha. Hakuna timu itakayoshuka daraja kwa sababu hiyo.

Lakini ombi langu kubwa linamhusu refa.

Sheria ya 5 ya mchezo tayari inamtaka asimamishe mechi mchezaji akiumia vibaya, na aliyetoka kutibiwa harudi bila ruhusa yake. Kwa hiyo nusu ya ninachoomba ipo. Inayokosekana ni katazo lililoandikwa wazi, kwamba katika mashindano ya watoto na vijana, aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili hata moja hachezi tena siku hiyo, na neno la refa halipingwi na kocha, mzazi wala mchezaji mwenyewe. Nasema refa kwa sababu sisi wengine wote hatuaminiki dakika ile. Kocha anataka kikombe. Mwalimu mkuu yuko pembeni. Mtoto ndiye wa mwisho kuulizwa, maana kiungo kinachotakiwa kujibu ndicho kilichoumia, na hata kikiwa kizima, mtoto gani atamwambia mwalimu wake "siwezi" mbele ya kijiji?

Nimemwona refa mmoja kijana akijaribu. Alimzuia kipa asirudi baada ya kugonga nguzo, akawaambia mtoto huyu macho yake hayako sawa. Mashabiki wakamzunguka. Mzee mmoja akamwuliza, "Wewe ni daktari? Tuonyeshe hiyo sheria imeandikwa wapi." Kijana alipapasa mfukoni kana kwamba ataipata humo, kisha akampungia kipa mkono arudi. Refa huyo hakukosa ujasiri. Alikosa karatasi.

Mheshimiwa, kwa ligi za wakubwa kazi ni nyepesi zaidi. Bodi ya sheria za mchezo, IFAB, ilianza kujaribu mchezaji wa akiba wa ziada kwa aliyepata mtikisiko wa ubongo Januari 2021, na tangu Julai 2024 jambo hilo limo katika kitabu cha sheria. Kila mwandaaji wa mashindano anaweza kulichagua: timu inaruhusiwa badiliko moja la ziada, na wapinzani nao wanapata moja ili pasiwe na ujanja. Kocha hapotezi chochote kwa kumtoa mtu. Katika mechi zote nilizohudhuria huku kwetu sijawahi kuona likitumika.

Najua michezo ya shule iko chini ya Wizara ya Elimu na Michezo. Lakini marefa wanaokuja kutuchezeshea wamefunzwa na watu wako, na makocha tunapata vyeti kwenu. Neno lako litafika mpaka kwenye viwanja visivyo na nyavu. FIFA yenyewe, pamoja na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mwaka 2024 kampeni ya kuwaambia watu wa mpira kwamba mtikisiko wa ubongo ni jeraha la ubongo na ushukiwe haraka. Mwaka 2027 Kombe la Afrika linakuja kwetu, Kenya na Tanzania. Watoto wataiga kila watakachokiona. Januari 2022 tulikuwa kwenye kibanda cha video hapa mtaani wakati Sadio Mané alipogongana vichwa na Vozinha, kipa wa Cape Verde. Alianguka, akainuka, akafunga bao, kisha akatolewa akiwa hajisikii vizuri. Kibanda kizima kilishangilia lile bao. Kesho yake vijana wangu walikuwa wanaigiza namna alivyoinuka.

Wapo watakaokuambia tununue kofia. Baada ya kuvunjika fuvu mwaka 2006, kipa Petr Čech alivaa kofia yake mpaka alipostaafu, na ilimfaa kwa mfupa. Ubongo ndani ya kofia unatikisika vilevile. Pesa hizo, kama zipo, zinunue mipira ya saizi 4.

Aliyetolewa naye awe na njia ya kurudi. Sisi sasa tunafanya hivi: siku mbili za kupumzika, kisha darasani kwanza, kisha mbio nyepesi, kisha mpira bila kugusana, na mechi si kabla ya siku 21, kama mwongozo wa michezo ya kawaida Uingereza wa mwaka 2023 unavyosema. Dalili zikirudi, tunarudi nyuma hatua moja. Wazazi wanaelewa. Hakuna hata mmoja aliyenigombeza.

Karatasi aliyoikosa yule refa kijana, nimeiandika. Ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, dalili upande wa mbele na hatua za kurudi upande wa nyuma. Nimewapa marefa wanne wa hapa, na wawili wanaibeba mfuko mmoja na kadi. Namba Nne, ambaye sasa ni mkubwa na hachezi tena, ndiye aliyenisaidia kuinakili. Nimeambatanisha nakala moja. Kilichobaki ni muhuri wa ofisi yako.

Wako,
Mwalimu wa michezo, Busia