Mdogo wangu, huo undugu wa tajiri muombe auandike kwenye mkataba

Mama shikamoo. Najua dogo ndo anakusomea hii kwa hiyo naanza na wewe, mi mzima kabisa, kifua kilishapona, na baridi ya huku ipo ila mtu niliyekulia Uyole nikienda shule Julai mikono imekufa ganzi siwezi kusema inanishinda. Nipo North Platte, Nebraska, nimepaki kwenye kituo cha malori, nina masaa kadhaa ya kupumzika kwa lazima ndo nikasema leo niandike vizuri, maana kwenye simu tunaishiaga kusalimiana tu na mtandao unakata.

Dogo marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara 3. Umesema kijana wa tajiri amekuja mpaka nyumbani, amekaa kwenye kochi la baba, akasema we ni damu yao, njoo uendeshe semi yetu aliyokuwa anaendesha baba yako kwa laki 4 na posho ya tripu, na ile kampuni nyingine yenye yadi Dar wanataka kukupa laki 7 na nusu ila usaili wenyewe ulifanyiwa na mtu ambaye hata jina lako alilisoma kwenye karatasi. Na mama anaona uende kwa watu wetu. Namuelewa mama, kwa kweli namuelewa, na nitakachosema sio kumpinga.

Mama, msibani kwa baba yule mzee, tajiri mwenyewe, alilia na nilimuona kwa macho yangu, hakuwa anaigiza. Jeneza alinunua ye, ng'ombe alileta ye, mchele gunia 3 kutoka Igurusi, alilala kwetu siku 2 kwenye mkeka kama ndugu yeyote. Hilo sitakuja kulisahau. Ila mwezi uliofuata ndo mi na wewe tulienda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kufuatilia mafao, unakumbuka yule dada wa dirishani alivyogeuza kompyuta tuone wenyewe, miaka 19 baba ameendesha gari la yule mzee, Tunduma, Ndola, Lubumbashi, Dar, na michango iliyopelekwa ilikuwa ya miezi 14. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi inatakiwa miezi 180. Baba angekuwa na 228. Tulitoka pale tukatembea mpaka stendi hatujaongea.

Sijui kama alifanya kwa ubaya. Nafikiri aliona kabisa kwamba anamjali baba, na alimjali, mtoto akiumwa alitoa hela, ada ya form one yangu nusu alitoa ye. Lakini vyote hivyo vilikuwa vinatoka mfukoni kwake kwa siku anayotaka kwa kiasi anachotaka, na baba akawa hawezi kuuliza kitu maana utamuuliza vipi NSSF mtu aliyekulipia ada ya mtoto. Hapo ndo pananiuma mpaka leo. Baba alikuwa anasema "mzee ni kama kaka yangu", na kwa sababu ni kaka basi mshahara ukichelewa miezi 2 anakaa kimya.

Sasa huku Marekani nilivyofika nikapata leseni ya malori nikaenda kuangukia palepale. Kampuni ya kwanza ndogo, ukutani wameandika sisi ni familia, bosi anakukumbatia, Jumamosi wanachoma nyama uwani, na mi nilikuwa mgeni sina mtu nikaona nimefika nyumbani. Huku dereva wa masafa marefu wengi wanalipwa kwa maili, sio kwa mwezi, mi walinipa senti 48 kwa maili. Chukulia Mbeya mpaka Dar, kilomita 800 na kitu, ni kama maili 500, kwa hiyo safari hiyo nzima ni dola 240. Ukisimama hakuna kitu. Na sheria yao ya mishahara ya mwaka 1938, ile inayosema ukizidisha masaa 40 kwa wiki ulipwe mara moja na nusu, sisi madereva wa malori yanayovuka majimbo tumetolewa humo.

Kusimama kwenyewe sio kosa lako. Kuna siku nimekaa kwenye ghala moja Joliet, karibu na Chicago, masaa 9 nasubiri kushusha. Na huku kuna kompyuta imefungwa kwenye gari inahesabu, unaruhusiwa kuendesha masaa 11 tu na yote yaishe ndani ya masaa 14 tangu uanze kazi, alafu upumzike 10, kwa hiyo yale 9 ya kusubiri yamekula siku yangu nzima na nimeingiza sifuri. Nikampigia dispacha, ndo huyo anayekupangia mizigo, nikamuuliza hela ya kusubiri ikoje, akaniambia kaka yangu sisi hapa ni familia, tuvumiliane. Dogo nilikaa kwenye ile siti nikasikia sauti ya baba kabisa.

Baadaye wakanishawishi nichukue gari kwao kwa mkopo, eti nisiwe mfanyakazi niwe mwenzao, kila wiki wanakata hela ya gari, bima, mafuta, mwenzangu mmoja Mkenya alichukua na kuna wiki karatasi yake ya malipo ilikuja inamdai ye. Mikataba ya namna hiyo ni tatizo kubwa huku, Januari 2025 kamati iliyoundwa kwenye wizara yao ya usafirishaji ilipendekeza ipigwe marufuku. Mi nilikataa, na kuanzia siku hiyo ule upendo ukapungua.

Nikahamia kampuni kubwa, senti 65. Hapa hawanijui. Wananiita kwa namba ya gari, na siwezi kukudanganya dogo, upweke upo. Krismasi ya kwanza nilikwama Rawlins, Wyoming, ile barabara yao ya I-80 ilifungwa kwa theluji na upepo, upepo wa kule unalaza semi tupu chini kama boksi, nikakaa siku 2 nakula mikate na hakuna aliyepiga simu kuniuliza umekula. Nililia, mama usisikitike, ilikuwa zamani. Ila wiki iliyofuata karatasi ya malipo ikaja na dola 150 kwa kila siku niliyokwama, sikuomba, sikubembeleza mtu, ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba ukurasa wa 6. Na wakati ule mama alivyofanyiwa oparesheni ile hela ya haraka niliyotuma ndo ilitoka humo.

Ila kuna kitu nataka ukielewe vizuri, sisemi udereva hauna undugu. Unakumbuka nilivyokusimulia ile likizo nilipanda na baba kwenda Dar, nina miaka 13, springi ikakatika tunashuka Kitonga? Baba na tingo wake walikata matawi wakaweka barabarani kule juu ili wanaokuja wasituvae kwenye kona, na haikupita nusu saa semi mbili zikasimama, za matajiri wengine kabisa, hawakujuana na baba hata kwa sura. Mmoja alikuwa na springi ya zamani nyuma ya siti akaitoa. Wakapika ugali na dagaa pembeni ya tairi, wakanipa mi mtoto kwanza, wakakaa na sisi mpaka jioni gari likawaka, mmoja alikuwa anawahi kushusha bandarini na akabaki hivohivo. Jioni baba akapanda juu kutafuta mtandao ampigie tajiri, na mi nilikuwa nimesimama pale, swali la kwanza lilikuwa mzigo uko salama.

Kwa hiyo undugu upo kwa wale wa chini ya trela na utaupata popote utakapoajiriwa, hata kwa hao wa Dar wasiokujua jina. Yule wa ofisini we muulize vya kwake. Sheria ya ajira ya 2004 inamtaka akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, sio hisani. Muulize namba ya NSSF itafunguliwa mwezi gani, na ukishaanza kazi uwe unaangalia mwenyewe kwenye simu kama michango inaingia, usingoje kuambiwa. Foleni ya mpakani Tunduma na ya Kasumbalesa kule mpaka wa Kongo ukilala siku 5 nani analipa chakula? Faini ya mizani wakati mzigo hukupakia we? Na kabla ya yote nenda pale Mpemba, Tunduma, magari yanapopaki, kaa na matingo wa kampuni zote mbili, wanunulie chai, waulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi.

Kijana wa tajiri akikubali kuandika hayo yote kwa laki 5 hivi mi sina kinyongo, nenda, yupo karibu na nyumbani na mama atakuona mara nyingi, hilo nalo lina thamani yake na mi nalijua kuliko mtu yeyote kwa sasa. Akisema we mtoto unaniandikisha karatasi wakati baba yako hakuwahi kuniuliza, basi mjibu kwa heshima, mwambie asante kwa kutuzika baba, alafu upande basi uende Dar.

Mama ndaga fijo, asante sana, kwa yale maharage uliyompa yule dada aliyekuja, yalifika salama, nimebakiza kopo moja nalitunza. Hela ya mbolea nimetuma jana.

Dogo, wakikupa mkataba, wowote kati yao, usisaini siku hiyohiyo. Piga picha kurasa zote, hata ule wa nyuma wenye maandishi madogo, nitumie. Huku saa 10 usiku kompyuta inaniruhusu kuondoka, nitasimama Cheyenne kuweka mafuta, nitausoma hapo.