Kelele za ekzosi za bodaboda zipimwe kwa kifaa, si kwa sikio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wakazi wengi wa Tabora wanalizungumza kwa hasira, nami nalijua kwa undani kwa kuwa mikono yangu imeshiriki kulisababisha. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Isevya. Kwa miaka kadhaa nililetewa pikipiki mpya kabisa, ambazo hata nailoni ya kwenye siti haijabanduliwa, na mwenye nayo alitaka jambo moja tu: niichane ekzosi, niitoe utumbo wake wote, kisha niichomelee upya ili mlio utoke mzito. Niliifanya kazi hiyo kwa sababu ililipa. Niliiacha mwaka jana, baada ya mjukuu wangu kuzaliwa na kulazwa katika chumba kinachotazama barabara, ambamo kila pikipiki ya namna hiyo inapopita usiku mtoto hushtuka, mikono ikirushwa juu, na mama yake huanza kumbembeleza upya.

Hivi karibuni, katika mkutano wa mtaa wetu, mzee mmoja alipendekeza pikipiki zote zenye kelele zikamatwe, na akapigiwa makofi. Nilinyoosha mkono nikauliza ni zipi hizo, na nani atakayeamua. Sikupata jibu. Nchi yetu inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili halina sheria. Ninachokiona kandoni mwa barabara, hata hivyo, ni mabishano ya masikio: askari anasema inapiga kelele, kijana anasema ndivyo ilivyotoka dukani, na mwisho wake hauwi wa haki kwa yeyote.

Mdogo wangu anaishi Uingereza, na ndiye aliyenifungua macho. Huko viwanja vya mbio vina siku ambazo mtu wa kawaida hulipa kiingilio, akaleta pikipiki yake na kuzunguka uwanjani bila kushindana na mtu. Kabla hajaingia, pikipiki hupimwa kelele. Injini huachwa ipate moto, kipimasauti huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45 na kwa kimo cha mdomo wenyewe, kisha mwenye pikipiki huambiwa apandishe mizunguko ya injini hadi kiwango kilichopangwa na kuishikilia hapo. Viwanja vingi vya huko huweka kikomo kati ya desibeli 98 na 105 kwa kipimo hicho. Aliyezidisha hatukanwi wala hanyang'anywi chombo. Huambiwa akarekebishe na arudi kupimwa, na asipofaulu haingii. Masharti hayo hayakuja kwa hisani. Majirani wa uwanja wa Croft, kaskazini mwa Uingereza, walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ikaamuru siku za kelele kubwa zisizidi 40 kwa mwaka.

Ili wasomaji waelewe kwa nini kifaa kinahitajika, ni lazima niseme kidogo kuhusu desibeli, ambazo hazihesabiwi kama kilo za mchele. Pikipiki mbili zenye mlio sawa hazitoi desibeli maradufu, bali huongeza tatu tu juu ya ile moja, na pikipiki kumi huongeza kumi. Lakini kumi hizo ni nguvu ya sauti mara kumi, ingawa sikio hulisikia ongezeko hilo kama takriban maradufu. Vilevile, mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili hupungua desibeli kama sita. Ekzosi inayotoa 100 kwa nusu mita itafika kwenye dirisha lililo mita nane kutoka barabarani ikiwa na kama 76. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za barabarani wakati wa usiku uwe chini ya 45. Najua kwamba wastani wa usiku mzima si kitu kimoja na mlio wa chombo kinachopita mara moja, lakini mtoto haamshwi na wastani.

Dereva naye huumia. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini hushauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka tatu muda huo ukatwe nusu, maana yake kwenye 94 ni saa moja tu. Kijana wa bodaboda hutoka alfajiri na kurudi usiku.

Vijana huniambia kwamba ekzosi iliyo wazi huongeza mwendo. Kwa pikipiki hizi ndogo za kabureta, kabureta na ekzosi hupangwa pamoja kiwandani, na ukibadilisha kimoja bila kugusa kingine, hewa huizidi petroli, injini huchemka, plagi hupauka na nguvu ya kuondokea hupungua. Wengine husema kelele humlinda dereva asigongwe. Mdomo wa ekzosi unatazama nyuma, na gari linalokuja mbele yako linahitaji kuiona taa yako.

Kutuliza ekzosi si kazi ngumu, na hapa naomba mafundi wenzangu wanisikilize. Ekzosi ya kiwandani ya pikipiki zetu nyingi ina vyumba vilivyotenganishwa kwa sahani za chuma na mirija midogo. Mshindo wa moshi hugonga ukuta, hurudi, hukutana na unaofuata, na hapo hudhoofishana. Tukitoa sahani hizo, tumetoa kazi yote. Zile ekzosi za mtindo wa mbio zinazouzwa siku hizi hutumia njia nyingine: bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, ambayo huungua na kupeperushwa kidogo kidogo hadi likabaki bomba tupu. Dawa yake ni kutoboa riveti, kuondoa kifuniko, kufunga pamba mpya ijae bila kushindiliwa, na kupiga riveti upya. Vaeni glavu na kuziba pua, kwa maana pamba hiyo huwasha ngozi na kuumiza kifua. Msiweke stiliwaya ya kusugulia sufuria, ambayo huliwa na moto upesi, wala matambara, ambayo huwaka. Kabla ya hayo yote, angalieni gasketi iliyopo ekzosi inapoungana na injini, kwa sababu mwanya mdogo hapo hutoa mlio mkali ambao hakuna pamba itakayouzima. Kama bado haitoshi, ipo njia ya kuweka kizibo chenye tundu dogo mdomoni. Hupunguza nguvu kidogo injini inapozunguka kwa kasi, na ni lazima kifungwe kwa bolti, la sivyo mtikisiko utakirusha barabarani.

Ombi langu kwa Manispaa, kikosi cha usalama barabarani na viongozi wa vijiwe ni kwamba kinunuliwe kipimasauti kimoja, kipelekwe kijiweni mchana kweupe, na mwezi wa kwanza asitozwe mtu faini. Kikomo kisinakiliwe kutoka viwanja vya mbio, ambavyo vina uzio na hufungwa jioni, ilhali barabara zetu zinapita kando ya wodi za wagonjwa na mabweni ya wanafunzi. Zipimwe kwanza pikipiki za kila aina ambazo ekzosi zake hazijaguswa, injini ikiwa kwenye nusu ya mizunguko inayotoa nguvu zake zote, na kikomo kiwe desibeli tano juu ya hapo. Nchini Ujerumani kipimo cha pikipiki iliyosimama huandikwa katika hati zake za usajili, na sioni kwa nini nambari hiyo isiandikwe kwenye stika ya kijiwe hapa Tabora.

Kwa upande wangu, sikuzitupa sahani na mirija niliyoitoa. Zimo katika boksi chini ya meza yangu ya kazi, nyingi zikiwa na namba za pikipiki nilizoziandika kwa chaki. Mwenye yake aje. Nitairudisha, naye atalipia vijiti vya kuchomelea tu.

Fundi wa pikipiki,
Isevya, Tabora.