Fundi alipwe kwa kuutafuta mlio, si kwa kufunga spea tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowatoa fedha nyingi wamiliki wa magari ya zamani, nalo ni namna gereji zetu nyingi zinavyoushughulikia mlio ambao chanzo chake hakijulikani. Ninaamini kwamba kuutafuta mlio ni kazi ya ufundi inayojitegemea, kwamba fundi anayeifanya anastahili malipo hata kama mwishoni hakuna spea iliyobadilishwa, na kwamba sisi madereva tusipokubali kuilipia tutaendelea kununua vifaa ambavyo magari yetu hayakuvihitaji.

Utaratibu uliozoeleka unafahamika. Mwenye gari anafika gereji na kusema gari linagonga mbele. Fundi analitikisa, anachungulia chini, kisha anaandika kwenye kipande cha karatasi: bushi (mipira ya kwenye maungio), stabilaiza linki (kiungo kifupi cha ile fimbo inayozuia gari kulala upande), pengine na shokapu. Mwenye gari anakwenda kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au Gerezani, ananunua, spea zinafungwa, na kesho yake mlio uko palepale. Ndipo inapoandikwa karatasi nyingine. Simaanishi kwamba mafundi hao ni wadanganyifu. Wengi wamejikuta humo kwa sababu mteja hulipa bila ubishi anapoona kitu kipya kimefungwa, lakini fundi akitumia saa nzima kusikiliza na kuuliza maswali, mteja huyohuyo humwambia, "Hujafanya kitu, fundi, nikulipe nini?"

Gari langu ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990, aina ya AE110, ambayo bado inaonekana sana katika barabara za Dar es Salaam. Lilianza kutoa mlio wa bati, kama kopo lenye kokoto, likiwa kwenye foleni ya pantoni hapa Kigamboni: gari limesimama, gia iko D, mguu uko kwenye breki. Likikanyagwa mafuta kidogo mlio unakatika, likiachiwa unarudi. Gereji moja iliagiza stabilaiza linki, nyingine ikaagiza shokapu, vyote vikafungwa, na mlio haukupungua hata kidogo.

Fundi aliyeupata ni mzee ambaye, kabla hajafungua hata boneti, alitaka kujua kama mlio unasikika gari likiwa limesimama. Aliposikia kwamba ndivyo, alisema shokapu na linki hazihusiki, kwa kuwa vifaa hivyo hufanya kazi gurudumu linapopanda na kushuka, na gurudumu la gari lililosimama halipandi wala halishuki. Aliacha ekzosi, yaani bomba la moshi, ipoe, akaliweka gari juu ya stendi, akaingia chini na kuanza kuligonga bomba kwa ngumi, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Alipolifikia bati jembamba la kukinga joto, mlio uleule ukatoka. Bolti zilikuwa zimeliwa na kutu na bati lilikuwa likining'inia upande mmoja. Alilibana kwa kibano cha chuma kinachotumika kukazia mipira ya rejeta, alichokichagua kirefu cha kutosha kulizunguka bomba lote, na kazi ikaishia hapo.

Maelezo ya mlio huo hayana uchawi wowote. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 750 kwa dakika huwasha mafuta mara 25 kila sekunde, na kila mwako hulitikisa bomba la ekzosi kidogo. Bati lililolegea nalo lina mtetemo wake wa asili. Mtikisiko wa injini ukilingana na mtetemo huo, bati hupiga kelele, na injini ikiongezwa kasi ulinganifu hupotea na kelele hukoma. Kwa sisi tunaoishi kando ya bahari, hewa ya chumvi huzila bolti za chini ya gari mapema, na ekzosi inayopata moto na kupoa kila siku huzidi kuzidhoofisha. Kwa hiyo gari la umri huo linalolia bati likiwa limesimama lingepaswa kukaguliwa mabati ya ekzosi kabla ya kitu kingine chochote, maana kuyagonga hakugharimu hata shilingi moja.

Mlio ukisikilizwa vizuri hujieleza wenyewe. Stabilaiza linki iliyochoka hugonga kwenye barabara yenye vishimo vidogo, hasa gurudumu moja linapozama na jingine likabaki juu, kwa sababu hapo ndipo fimbo yake inapojipinda. Gari likivuka tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, mlio hupungua au hutoweka. Anayeufahamu ukweli huu mmoja anaweza kuitambua linki mbovu kabla hajashika spana. Mlio wa kukatikakatika unaosikika usukani ukikunjwa hadi mwisho huelekeza kwenye sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka huelekeza kwenye beringi ya gurudumu. Mlio unaokatika pale breki inapoguswa kidogo unapaswa kumpeleka fundi kwenye pedi na pini za kalipa, kifaa kinachozibana pedi za breki, na kishindo kimoja wakati wa kuingiza gia kimpeleke kwenye mauntingi za injini, yaani vishikio vyenye mpira vinavyoibeba.

Zipo pia mbinu ambazo dereva yeyote anaweza kuzitumia. Kwanza alitoe gari kila kitu: jeki, spana ya magurudumu, chupa zilizojificha chini ya viti, sarafu zilizomo kwenye milango, kisha akague kama tairi la akiba limefungwa barabara. Halafu ashushe vioo na kupita taratibu kando ya ukuta mrefu, akienda na kurudi, kwani sauti inayogonga ukuta na kumrudia humwonyesha upande unaolia. Mtu wa pili akikaa kiti cha nyuma atasikia tofauti na anavyosikia mwenye usukani, na mara nyingi ndiye atakayetambua kwamba mlio uliodhaniwa uko mbele unatoka kwenye buti.

Wako wanaoamini kwamba mashine ya kusomea kompyuta ya gari itamaliza utata wote. Mashine hiyo ina kazi yake na ninaiheshimu, lakini husoma taarifa za sensa, yaani vipimo vya umeme vilivyofungwa kwenye gari, na bolti iliyolegea, bushi iliyopasuka au bati lenye kutu havina sensa yoyote. Hapo bado tunahitaji sikio, mkono, na fundi anayekubali kukaa ndani ya gari na mwenye gari hadi mlio ujitokeze.

Ninasisitiza haya kwa sababu kukisia kuna hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Boljointi ya chini, yaani kiungo kinacholishikilia gurudumu na kuliwezesha kukata kona, ikilegea hugonga kwa namna ambayo mtu asiye makini anaweza kuisingizia shokapu, na ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu hulala na dereva hawezi tena kuliongoza gari. Vivyo hivyo, mlio mzito wa kugonga unaotoka sehemu ya chini ya injini na kuongezeka linapokanyagwa mafuta, tena huku taa ya oili ikiwaka, unadai injini izimwe papo hapo. Mteja aliyefungiwa shokapu mpya na kuruhusiwa kusafiri hadi Chalinze akiwa na boljointi ileile iliyochoka ameondoka gereji akiwa na imani ambayo gari lake halistahili.

Napendekeza basi kwamba kila gereji, iwe yenye jengo au iliyo chini ya mwembe, iweke ada ya uchunguzi na kuitaja waziwazi kabla gari halijaguswa. Kwa ada hiyo fundi ampakie mteja, waende pamoja kwenye barabara ambako mlio hujitokeza, kisha amwonyeshe kwa macho na kwa mkono kifaa kinacholia. Spea ikibadilishwa, ibadilishwe moja kwanza, gari lijaribiwe, na kifaa kilichotolewa akabidhiwe mwenyewe. Najua wapo watakaosema kwamba wateja watakimbilia gereji isiyotoza ada. Baadhi watakimbia, lakini mtu aliyekwisha kununua shokapu ambazo hazikuhitajika anajua kupiga hesabu, na ada ya saa moja haiwezi kuzidi bei ya shokapu mbili na ufundi wake.

Kwa upande wetu madereva, tuache kufika gereji na jina la spea mdomoni. Tumweleze fundi mlio unatokea lini, gari likiwa la moto au la baridi, limesimama au linatembea, likiwa tupu au na abiria, kisha tumwachie nafasi ya kufanya kazi yake. Na pale ukutani ambapo bei ya kubadilisha oili imeandikwa kwa rangi, naomba mafundi waandike pia bei ya kuutafuta mlio.

Wako,
Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam