Jumamosi Dunga: fleshi nje ya kamera

Hamjambo wapendwa. Jumamosi tukutane ufukwe wa Dunga, Kisumu, saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa. Safari hii fleshi haikai juu ya kamera. Itakuwa pembeni, kwenye stendi au mkononi mwa mwenzako, na tutaiwasha kwa triga za redio, yaani vifaa viwili vya kuiwasha fleshi bila waya: kitumaji juu ya kamera, kipokezi kwenye fleshi.

Mwenye triga aje nazo na betri mpya. Kitumaji na kipokezi viwe chaneli moja. Hapo ndipo wengi hukwama. Kasi ya shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) isipite 1/200 ya sekunde, la sivyo kwa kamera nyingi sehemu ya picha itatoka nyeusi.

Ninachotamani sana mkione ni hiki: pimeni mwanga wa anga kwanza bila fleshi, mpaka mawingu yapate rangi yake, ndipo mmulike mtumbwi. Anga ikififia, punguzeni kasi ya shata. Mwanga wa fleshi hautabadilika. Na ukiisogeza fleshi umbali mara mbili, mwanga unaobaki ni robo tu.

Wavuvi tuwaombe ruhusa kabla ya kupiga, tafadhali. Asiye na fleshi aje tu, tutaazimana. Nijulisheni kufikia Alhamisi.