Kwa vijana wa kwaya zetu mnaotaka kusomea muziki

Wanangu wapendwa,

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, mmoja wenu alinifuata nikiwa nakunja nyaya za spika. Alikuwa amekwenda kujiandikisha somo la muziki kwenye komyuniti koleji ya mjini kwetu, yaani chuo cha miaka miwili. Wakampa karatasi ya majaribio, mistari mitano na nota juu yake, ataje majina ya nota hizo. Akaitazama, akairudisha tupu, akapanda basi kurudi nyumbani. "Mzee, pale si mahali pangu," akaniambia.

Kijana huyu ndiye anayetupigia gitaa la solo. Wimbo akiusikia asubuhi, jioni ameshaushika pamoja na sebene lake lote, na waimbaji wakipandisha sauti katikati, yeye anawafuata bila kuambiwa. Usiku ule sikulala vizuri. Najua hayuko peke yake, ndiyo maana nawaandikia nyote mliopitia Uvira, Bujumbura au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkakulia kwenye kwaya zetu hapa Marekani.

Ile karatasi haikuletwa kumfukuza. Vyuo hivi havichuji wanafunzi kama vyuo vikuu vinavyochuja. Ukiwa umemaliza sekondari, kwa kawaida unapokelewa. Karatasi inawaonyesha walimu wakuanzishe wapi, basi. Asiyesoma nota huanzia darasa la misingi ya muziki, kisha huingia nadharia ya kwanza ya muziki. Hakuna aliyemwambia aondoke. Alijiondoa mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma.

Tena mnajua mengi kuliko mnavyodhani. Mimi nilifundishwa sauti nne kwa ubao mweusi, kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Nukta mbili zilitenga mapigo, kistari kilitwambia tushikilie sauti. Mwalimu alishika fimbo. Ikigusa herufi, tunaimba. Njia hiyo ilienezwa na mchungaji wa Uingereza, John Curwen, katika karne ya 19, na wamisionari wakaifikisha kwetu. Nilipofika nchi hii nilijiandikisha darasa la jioni, mvi zimeshaanza. Siku ya mazoezi ya sikio mwalimu akapiga kodi moja, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, kwenye piano, akasema do iko hapa, imbeni. Vijana waliosoma nota tangu utotoni wakasitasita. Mimi niliimba mpaka mwisho. Ile do inayohama na ufunguo wa wimbo nilikuwa nayo kifuani tangu nina miaka tisa. Wiki iliyofuata tukaandika kwenye mistari mitano, nikabaki nyuma ya wote, na vijana walewale ndio walionisogezea kiti wakanielekeza.

Mtaniuliza, sikio likitosha kanisani, nota za nini? Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 akipiga gitaa kwa vidole viwili tu. Miaka kama kumi baadaye msomi David Rycroft aliketi akaandika upigaji ule kwa nota, na wanafunzi wa mbali wakaweza kuuchambua. Nafurahi kwamba uliandikwa. Ila nyimbo zetu za kwaya, zile mama zenu walizotunga kambini, nani ataziandika? Ziko kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka na kwenye vichwa vya watu wanaozeeka. Mwenye sikio la kuzisikia na mkono wa kuziandika atatoka kwenu, hatatoka kwingine.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi. Nadharia ya kwanza vyuo vingi huianza muhula wa vuli peke yake, ule unaoanza Agosti au Septemba. Ukichelewa, unaweza kungoja mwaka mzima. Darasa la piano mtalazimika kulisoma hata kama ni wapiga besi, na msilinung'unikie, maana kodi utaziona kwa macho pale. Mwisho wa muhula utapiga mbele ya jopo la walimu. Msije na mazoezi ya usiku mmoja.

Kuhusu fedha: hata mkimbizi anaweza kupata Pell Grant, msaada wa masomo wa serikali ya Marekani usiorudishwa, akitimiza masharti ya kipato. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Lakini ina kikomo, kama mihula 12 ya masomo kamili maishani, kwa hiyo msiitawanye kwa masomo msiyoyahitaji.

Na kabla ya muhula wa kwanza, chagueni chuo kikuu mnachotaka kuhamia, muulize kwa maandishi masomo gani watayakubali. Wengi huwapima upya wanaohamia, nadharia na usaili wa ala. Nimewaona vijana wakirudia mwaka kwa kukosa kuuliza.

Wazazi, nanyi naomba msikilize. Najua mnatoka zamu ya usiku macho mekundu, na neno muziki linasikika kama mchezo. Kufundisha muziki katika shule za serikali hapa ni ajira kamili. Inahitaji shahada na leseni, na miaka miwili ya kwanza inaweza kusomwa hapa jirani, mtoto akila chakula cha nyumbani.

Mwanangu wa solo, Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kanisani. Wimbo wetu wa pili wa Jumapili nimeuandika kwa herufi upande mmoja wa karatasi, upande wa pili nimeuacha mistari mitano mitupu. Njoo na gitaa, na penseli.

Mzee wenu wa kwaya